Pini Nyembamba, Ndoano Pana

Shemeji yake alipoingia uani na fremu ya chuma nyuma ya pikapu ya kuazima, Mama Dizeli alikuwa chini ya trekta akimwaga oili chafu, na hakutoka. Aliyaona magurudumu yakisimama, akaviona viatu vikishuka, akaendelea kukaza nati kana kwamba kilichoingia ni kuku wa jirani.

"Shemeji, hujambo," mwenye viatu alisema.

Nati ilikazwa mpaka spana ikalia.

Hivyo ndivyo walivyoishi kwa mwaka mzima. Akiwa na neno la kumwambia Mwepesi, mdogo wa mumewe, alilipitishia kwa mtu mwingine, hata kama Mwepesi mwenyewe amesimama palepale anasikia. Mwambie huyo asogeze gari. Mwambie huyo chai iko mezani. Mwepesi alizoea kuitwa "huyo", lakini kuzoea si kupona.

Jina la Mwepesi alipewa tangu utotoni, maana kila kitu chake kilikwenda mbio: kula, kuoa, kuacha, kuomba radhi. Siku ile ya balaa ndiye aliyekuwa kwenye kiti cha trekta. Kaka yake, ambaye watu walimwita Kifaru kwa ajili ya mabega yake, alisimama katikati, kati ya trekta na plau, kama wote walivyokuwa wakisimama. Kuunganisha plau kulikuwa hivyo. Mmoja anarudisha trekta nyuma kidogo kidogo, mwingine anaisukuma plau kwa goti ili pini yake ikutane na tundu la mkono wa trekta, huku akiita, "Njoo, njoo, njoo, basi." Mguu wa Mwepesi ulitoka kwenye klachi kabla ya "basi". Kifaru alibanwa nyonga. Hospitali walimtia vyuma, akarudi nyumbani na magongo, mwili uleule mkubwa ukining'inia juu ya vijiti viwili.

Trekta hiyo ndiyo iliyoilisha nyumba, kwa kulima mashamba ya watu. Kwa hiyo mkewe akapanda yeye. Alikuwa hajawahi kuendesha hata baiskeli. Wanaume walimcheka kwa msimu mmoja, wakamwita Mama Dizeli kwa harufu ya nguo zake. Walipoona mistari yake ilivyonyooka shambani wakaacha kucheka, jina likabaki.

Sasa Mwepesi alikuwa akimwonyesha kaka yake ile fremu, akiongea kwa haraka kama mtu anayeogopa kukatizwa.

"Kaka, tazama. Hii unaifunga kwenye mikono ya trekta mara moja tu, haitoki tena. Ndoano mbili chini, moja juu. Dereva anarudi nyuma, ndoano zinaingia chini ya pini za plau, ananyanyua haidroli, plau inapanda, komeo hili linajifunga lenyewe. Hakuna mtu wa kusimama katikati. Hakuna mtu wa kushuka."

Kifaru aliegemeza gongo moja kwenye pikapu, akapitisha mkono juu ya ndoano kama anayempapasa ng'ombe.

"Hakuna wa kushuka," akarudia polepole. "Basi hata mimi."

"Hata wewe. Mbona nimeihangaikia kwa ajili yako? Ukishapanda asubuhi, unashuka jioni. Haro, plau, mashine ya kukata majani, unabadilisha ukiwa umekaa. Unarudi kwenye kiti chako, kaka."

Chini ya trekta spana ilianguka juu ya zege.

Mama Dizeli alitoka, akajifuta mikono kwenye paja. Alimtazama mumewe. Tangu alipotoka hospitali hakuwahi kumwona na uso ule. Ulikuwa uso wa mtu aliyeona mlango umeachwa wazi. Alipaswa kufurahi, na alilijua hilo. Badala yake moto wa hasira ulimpanda, akaupa jina la karibu alilokuwa nalo.

"Mwambie huyo," alisema, "kwamba aliyeivunja nyonga haji kuiomba msamaha na vyuma."

"Ameitoa pikipiki yake kuipata hii," Kifaru alisema.

"Angetoa na nyonga."

Mwepesi aliinama akaanza kufungua kamba za mzigo, masikio yamemwiva.

Waliifunga fremu kwenye trekta kabla jua halijawa kali. Mama Dizeli mwenyewe akapanda, akairudisha trekta mpaka kwenye haro, zana ya kuvunja madongoa, iliyokuwa imeegeshwa ukutani, akanyanyua. Haro ilipanda ikicheza ndani ya ndoano kama mguu wa mtoto ndani ya kiatu cha baba yake. Komeo lilijifunga, ila lilichofunga kilikuwa hewa. Zana zao zote zilikuwa za zamani, pini zake nyembamba. Fremu ilitengenezwa kwa pini nene.

"Inataka bushi," Kifaru alisema kutoka kwenye benchi.

Bushi ni kipande kifupi cha chuma kinene chenye tundu, kinachovalishwa pini nyembamba ili inenepe na kuenea ndani ya ndoano. Ni kitu kidogo, kinaenea kiganjani, na bila hicho fremu yote ni urembo.

"Bomba la maji lipo pale nyuma ya choo," Mwepesi akasema. "Nakata vipande, navalisha, tunaondoka. Mwenye shamba la bondeni anasubiri haro leo, na mawingu hayo mnayaona."

"Mwambie huyo bomba la maji ni la maji," Mama Dizeli alisema. "Limetengenezwa kubeba maji. Haro ni ratili za kuua."

Alishuka, akapima unene wa pini na upana wa ndoano kwa kipimio, akachomoa pini moja akaifunga kwenye kitambaa, akaondoka kwa miguu kwenda kwa fundi wa kerezo, anayechonga vyuma kwa mashine. Njia nzima alitembea akibishana na watu ambao hawakuwepo. Kila hoja aliyoitoa ilikuwa juu ya nyonga ya mumewe, na kila mara aliposhinda ubishi bado ule moto ulikuwa palepale.

Fundi wa kerezo alikuwa na maneno machache na redio yenye kelele nyingi. Aliipokea pini, akaizungusha mbele ya macho.

"Bushi za chini na ya juu?"

"Zote. Za haro, za plau na za mashine ya majani. Zisicheze."

"Za haro kesho. Nyingine zitafuata."

"Kesho asubuhi."

"Kesho," fundi akasema, akarudi kwenye mashine yake.

Aliporudi nyumbani ua ulikuwa mtupu. Palipokuwa trekta palikuwa na doa la oili. Kifaru alikuwa kwenye benchi lake, anatazama magongo.

"Umemwachia?"

"Amesema anakwenda polepole."

"Huyo? Polepole?"

"Mvua inakuja. Yule mama wa bondeni ametuvumilia wiki nzima. Ningefanya nini, nimfukuze kwa magongo?"

Hakungoja kusikia zaidi. Simu ilimkuta tayari yuko njiani, na sauti ya mwenye shamba la bondeni haikuwa na salamu. "Njoo uchukue vitu vyako barabarani," ikasema, ikakatika.

Alikuta barabara imechimbwa mtaro uliopinda, kama mwandiko wa mtu aliyelewa. Mwishoni mwa mtaro ndipo ilipokuwa trekta yake, na haro ikining'inia kwa ndoano moja, upande mmoja hewani na mwingine umezama kwenye udongo. Vipande vya bomba vilikuwa vimebonyea kama muwa uliotafunwa. Pini ilikuwa imeruka kwenye kishimo cha kwanza, haro ikapepesuka, ikafagia nguzo ya geti la mwenye shamba na benchi lililokuwa pembeni yake. Benchi lilikuwa kuni sasa. Punje za mahindi zilitapakaa hadi katikati ya njia.

"Mama yangu alikuwa amekaa hapo anapukuchua," mwenye shamba alisema. Alikuwa mwanamke mrefu, na hakupaza sauti. "Aliingia ndani kuchukua maji ya kunywa. Maji tu. Angekuwa hana kiu leo ningekuwa na msiba."

Mlangoni mwa nyumba bibi kizee alisimama na kikombe mkononi, akiitazama haro kwa udadisi mkubwa, kama mtu aliyeletewa mgeni asiyemfahamu.

Mama Dizeli alimgeukia Mwepesi, aliyekuwa bado kwenye kiti, mikono imegandana na usukani.

"Shuka."

Ndilo lilikuwa neno la kwanza kumwambia ana kwa ana tangu hospitali.

"Shemeji, nilikuwa nakwenda pole..."

"Shuka kwenye kiti changu."

Alishuka. Mama Dizeli akapanda, akaishusha haro mpaka ikalala chini, akainasua ile ndoano iliyobaki, akasogeza trekta mbele hatua chache. Halafu akageuka nyuma. Uso wake ulikuwa umetulia, na utulivu huo ulimtisha mwenye shamba kuliko kelele.

"Nenda ukasimame pale. Katikati. Alipokuwa amesimama kaka yako."

"Dada yangu," mwenye shamba alisema taratibu, "hapa hatujafikia huko."

"Asimame."

Mwepesi alikwenda. Hakubisha, hakuuliza. Alisimama mbele ya haro, mgongo kwenye chuma, akainama kidogo kama anayetaka kuishika pini, maana ndivyo kazi ilivyotaka, na mikono ikaning'inia haina la kufanya.

Mama Dizeli aliingiza gia ya kurudi nyuma, mguu wa kushoto umezamisha klachi. Aligeuza shingo kumtazama usoni. Mwaka mzima alikuwa akiiona picha hiyo kichwani: Mwepesi kwenye kiti, anamtazama kaka yake machoni, na bado anauachia mguu. Sasa, akiwa kwenye kiti kilekile, hakuona macho ya mtu yeyote. Aliona matairi, akaona mgongo wa trekta, na juu yake kipande cha kofia. Hicho tu. Alijiinua, akajinyoosha kushoto, kulia. Kofia.

Aliijua trekta hiyo kuliko alivyolijua jiko lake, lakini hilo hakulijua, kwa sababu tangu apande yeye hakuna mtu aliyeruhusiwa kusimama hapo. Alikuwa akishuka mwenyewe, anasukuma mwenyewe, anapanda tena, mara kumi ikibidi.

Jambo hilo, kwamba Mwepesi naye hakuyaona macho ya kaka yake, halikumpunguzia hasira. Liliinyima tu mahali ilipozoea kukaa, nayo ikabaki imesimama. Akatoa gia, akazima injini, wakamsikia hata bibi kizee anameza maji.

"Ungeachia, nisingekulaumu," Mwepesi alisema bila kutoka pale.

"Usinipe ruhusa. Sijakuomba."

Hapo ndipo Mwepesi naye alipochafuka. Alivua kofia akaitupa chini.

"Kaka alinisamehe siku ileile, nikiwa bado nimemshika kichwa. Aliyevunjwa mfupa amenisamehe, wewe umeninunia mwaka. Nakunywa chai yako kama mbwa, nasukumiwa kikombe na mtu mwingine. Nimetoa pikipiki, natembea kwa miguu, ili mumeo arudi kwenye kiti chake. Nikauona uso wako leo. Nikasema, huyu hata hilo limemuudhi. Unataka nini, shemeji? Niambie kitu ninachoweza kukileta."

"Nataka msinipokonye kiti."

Alisema hivyo, akabaki amejishangaa. Mwepesi alimtazama kama aliyesikia haro inaongea.

"Kiti?"

"Ulikuja na chuma chako, ukasimama uani kwangu, ukasema kaka anarudi kwenye kiti chake. Changu mimi je? Nani aliniuliza? Nilijifunza nikilia, nilichekwa na kila mwenye suruali hapa, mgongo umeniuma mpaka nimesahau usipouma unakuwaje. Na ninaipenda kazi hii. Ninaipenda kuliko chochote nilichowahi kufanya. Mkakigawa kiti changu huku nimelala chini ya oili nawasikiliza."

Mwenye shamba alikohoa. "Na geti langu?" akauliza.

"Geti atalijenga huyu," Mama Dizeli alisema. "Leo. Wewe, sikia. Utalijenga leo, na benchi la mama, na uzuri wake uwe zaidi ya lililovunjika."

"Nimesikia," Mwepesi alisema.

Mvua ilinyesha jioni hiyo, na haro ililala barabarani imefunikwa turubai.

Kesho yake bushi zilikuwa tayari. Fundi alizimwaga juu ya meza, nzito, zinang'aa, bado zina harufu ya chuma kilichokatwa. Mama Dizeli alirudi nazo nyumbani mfukoni, zikimgonga paja kila hatua, kisha akachukua trekta, akaenda bondeni kuivuta haro kwa mnyororo. Geti lilikuwa limesimama. Benchi lilikuwa jipya, na bibi kizee alikuwa amekaa juu yake akilalamika kwamba ni refu.

Uani alikaa chini mbele ya haro, akazisugua pini kwa msasa mpaka kutu yote ikatoka, akazipaka grisi. Bushi ya kushoto iliteleza mahali pake bila neno. Ya kulia ilikataa katikati. Hakuigonga kwa nyundo. Aliitoa, akaitia tupa kwa ndani, akajaribu, akaitia tupa tena. Alisikia magongo yakija, akajua kwa mlio wake kwamba mwenye magongo ana jambo.

"Mwepesi ameniambia," Kifaru alisema.

"Mdomo wake nao mwepesi."

"Shemeji yako anajua jambo la mke wangu kabla yangu. Na mwanamke wa bondeni anajua, na mama yake anajua. Kikongwe na kikombe chake anajua kilichomo kifuani mwako, mimi ninayelala pembeni yako sijui."

"Ungenifanya nini ningekuambia? Ungesema sawa, mke wangu, kaa. Ungekaa kwenye benchi hilo ukanisamehe kama unavyomsamehe kila mtu. Sitaki kusamehewa."

"Nani amekuambia ningesema sawa?"

Aliinua macho. Kifaru alikuwa amekasirika kwelikweli, mishipa ya shingo imesimama, na ilikuwa muda mrefu hajamwona hivyo. Tangu ajali alikuwa mpole kama mgonjwa wa kuigiza.

"Mimi nakitaka kiti hicho," alisema. "Nakitaka mpaka naumwa. Kila asubuhi unaondoka nacho na mimi nabaki nahesabu kuku. Ninasikia ukibadilisha gia pale kwenye kona, unachelewa, kila siku unachelewa, na ninauma meno. Sitakuambia kaa. Nitakuambia toka."

"Sitoki."

"Basi tugombane. Ila tugombane sisi wawili, si mimi na wewe kupitia kwa yule."

Bushi ilikuwa bado mkononi mwake. Aliisukuma kwenye pini, ikaingia, ikasimama mahali pake haichezi. Akaweka kizuizi mbele yake isitoke, akaijaribu kwa mikono yote miwili. Ikawa kama pini ilizaliwa hivyo. Ya juu nayo akaivalisha. Akainuka.

"Panda," akasema.

"Nini?"

"Umesema unakitaka. Panda nione."

Kifaru aliupandisha mguu wake kwenye trekta kwa mikono. Magongo aliyaachia yaanguke. Alijivuta kwa usukani, uso umekunjamana, jasho likimshuka mpaka kidevuni, na mkewe alipoinua mkono kumsaidia alimwambia auache. Alikaa. Alihema kwanza kwa muda. Akawasha.

Alirudi nyuma taratibu sana. Mama Dizeli alisimama pembeni, mbali, mikono imekunjwa kifuani, akitamani akosee na akitamani asikosee. Ndoano ziliingia chini ya bushi zote. Kifaru akanyanyua haidroli. Ulisikika mlio mmoja mkavu wa komeo, na haro ikapanda juu imetulia, haipepesuki, haisemi kitu. Hakuna aliyekuwa amesimama katikati.

Aliuzunguka ua mara moja, akatoka getini, akapotea nyuma ya ukuta. Mama Dizeli alisikiliza. Kwenye kona Kifaru alibadilisha gia mapema, laini, haisikiki, na yeye akajikuta amemchukia kwa ufundi huo, palepale na machozi yakimtoka.

Aliporudi alikuwa amepauka kwa maumivu na alikuwa anacheka.

"Nusu siku," alisema kutoka juu. "Zaidi ya hapo nyonga itanishusha yenyewe. Nipe nusu siku."

"Asubuhi siachi."

"Asubuhi ndiyo ninayoitaka. Mchana vyuma vinauma."

"Asubuhi udongo una unyevu, unakatika vizuri."

"Mke wangu, mimi ndiye niliyekufundisha hilo."

Waligombana mpaka chai ikapoa. Mwishowe Kifaru alipata asubuhi za mashamba ya karibu, siku moja ndiyo, inayofuata hapana. Mashamba ya mbali na plau, kazi nzito yote, ikabaki ya mkewe. Kupaka bushi grisi na kukagua makomeo kabla zana haijatoka uani kukawa kazi ya Mwepesi, na Mama Dizeli alimpa kazi hiyo kwa mdomo wake mwenyewe, kwa maneno makali, moja kwa moja usoni. Mwepesi aliyapokea kama mtu aliyepewa zawadi, na hilo nalo likamkera.

Siku za zamu ya mumewe aliamka kabla ya alfajiri kwa mazoea, akasikia injini ikiwaka bila yeye, na kila mara ule moto ulimpanda. Hakuuficha tena. Alisimama mlangoni akapaza sauti kwamba asikanyage klachi kama anayeua mende. Na Kifaru alimjibu kutoka kwenye kiti kwamba alikuwa akiendesha trekta kabla yeye hajajua tofauti ya gia na mpini wa sufuria.